Kiswahili cha Kambini: Lugha ya Askari wa Ng'ambo, 1942–1946, na Hukumu Iliyopitishwa Juu Yake

Vitabu vinavyosimulia habari za askari wa Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia vina desturi moja. Huanza na safari ya meli, hufika upesi kwenye mapigano, kisha humalizia kwa nishani au kwa malalamiko ya baada ya vita. Maisha ya kambini, ambayo ndiyo yaliyojaza siku nyingi zaidi za askari, hupitiwa kwa maneno machache. Nani alichota maji, nani alichimba choo, chakula kiligawanywaje, mgonjwa alilazwa wapi, na mambo hayo yalisemwa kwa lugha gani: hayo yote huonekana madogo mno kuandikwa. Walakini kwa mwanafunzi wa lugha ndiyo makubwa, kwa kuwa lugha ya kundi la watu hujulikana katika kazi zao za kila siku kuliko katika siku yao moja ya ushujaa.

Uchambuzi huu wahusu lugha hiyo ya kambini na hukumu iliyopitishwa juu yake. Kiswahili cha askari, kiitwacho KiKAR kwa kufuata herufi za jina la jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, kimehesabiwa kwa muda mrefu kuwa Kiswahili kilichovunjika. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imempata mshitakiwa asiye wake. Aliyesemwa kuwa hajui lugha ni askari. Aliyeweka kipimo cha lugha hiyo ni mkubwa wake. Na kosa hilo si dogo, maana mtu akiisha kuhesabiwa kuwa hana lugha, ushahidi wake nao hauhesabiwi.

Kwanza yafaa kuyaweka mambo ya historia mahali pake. Kati ya mwaka 1939 na 1945 zaidi ya Waafrika 300,000 wa Afrika Mashariki waliandikishwa katika majeshi ya Uingereza, na zaidi ya 80,000 kati yao walitoka Tanganyika. Brigedi ya 21 ilifika Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1942, baada ya Singapore kuanguka mikononi mwa Wajapani. Mwaka 1943 iliundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ilikusanyika Ceylon kwa mafunzo, na katikati ya mwaka 1944 iliingia Burma chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes. Ndani yake bataliani ya 26 na ya 36 za KAR zilikuwa za Tanganyika. Njia yenyewe ilikuwa ya hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldive. Walikufa watu wapatao 1,300, na miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika, na mwezi wa Desemba 1944 ilikuwa imeuvuka mto Chindwin huko Kalewa. Mapigano yake makubwa, basi, yalichukua miezi ipatayo mitano. Miezi mingine yote, ya kungojea na kufundishwa Ceylon, ya kupumzishwa India, na ya kusubiri meli ya kurudi nyumbani hadi mwaka 1946, ilikuwa miezi ya kambi. Mtu atakayeandika habari za askari huyo kwa kuyafuata mapigano peke yake atakuwa ameandika sehemu ndogo ya maisha yake.

Ili hoja isielee hewani, yafaa ifungwe mahali pamoja. Mahali penyewe ni Kisesa, wilayani Magu, mashariki ya mji wa Mwanza kwenye barabara iendayo Musoma, si mbali na Ziwa Victoria. Kisesa ni Usukuma, na vijana wa Usukuma walikuwamo katika majeshi hayo. Yapo mambo mawili yanayoifanya Kisesa ifae kuwa kipimo. La kwanza ni kwamba lugha ya mama ya kijana wa huko ni Kisukuma, si Kiswahili. Kwa hiyo yeye ndiye yule mtu wa bara ambaye wengi hudhani kuwa alikivunja Kiswahili. La pili ni kwamba alitoka Tanganyika, nchi ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya serikali tangu utawala wa Wajerumani na lugha ya shule za chini wakati wa Waingereza. Hata asiyekisema vizuri aliweza kukisikia bomani, sokoni na misheni kabla hajavaa sare.

Uchunguzi ulio bora juu ya KiKAR ni makala ya Mungai Mutonya na Timothy Parsons ya mwaka 2004. Waandishi hao wameonyesha kuwa lugha hiyo ilikuwa na taratibu zake, wala haikuwa fujo tupu, na kwa jambo hilo wanastahili shukrani. Lakini jina la makala yao lenyewe lasema kwamba yahusu jeshi la kikoloni la Kenya. Yaliyo kweli kwa Kenya, ambako Kiswahili cha mashambani na mijini kilikuwa na historia nyingine, hayawezi kuhamishiwa Tanganyika bila kupimwa upya. Hapo ndipo askari wa Kisesa ana neno la kusema.

Sifa za KiKAR zajulikana. Upatanisho wa ngeli hupotea: husemwa watu mbili mahali pa watu wawili, na kiti yangu mahali pa kiti changu. Ukanushi hufanywa kwa neno moja lisilobadilika, hapana, hata mtu akasema hapana jua badala ya sijui. Kitenzi cha kuwa huachwa, na neno iko hubeba mzigo wake wote. Kitenzi cha amri huchukua umbo la kitenzi-jina, kama kuja hapa. Mwenye kuzitazama sifa hizi upesi husema: hawa ni watu wa bara, na hivi ndivyo watu wa bara wasemavyo.

Sasa na apimwe Msukuma kwa sifa ya kwanza. Katika Kisukuma watu wawili ni banhu babili. Upatanisho upo, tena ni ule ule wa Kibantu ulio katika Kiswahili: kiambishi cha jina chaitika katika kivumishi. Kisukuma kina ngeli zake kamili, kina irabu saba mahali pa tano za Kiswahili, na kina toni ambazo Kiswahili kimeziacha. Mtu aliyelelewa katika sarufi kama hiyo aweza kukosea neno, aweza kuchanganya l na r, aweza kutumia ngeli moja badala ya nyingine. Lakini kuitupa ngeli yenyewe si kosa ambalo lugha ya mama yake ingemfundisha. Askari wa Kisesa aliposema watu mbili, hakuwa akileta Kisukuma kambini. Alikuwa akisema alivyofundishwa kambini.

Fundisho hilo lilitoka wapi? Sehemu moja yatoka katika mizizi ya jeshi. Vikosi vya kwanza vya Uganda na vya Kenya vilijengwa juu ya askari wa Kisudani, na pamoja nao yaliingia maneno ya Kituruki yaliyopita katika jeshi la Misri: efendi, ombasha, shaushi. Sehemu nyingine yatoka kwa askari wenyewe waliokuwa na lugha zisizo za Kibantu, kama Waacholi, Wajaluo, Wakalenjin na Wasomali, ambao ngeli za Kibantu zilikuwa jambo geni kwao. Haifai kuificha sehemu hii ili hoja ipendeze. Lakini sehemu ya tatu, ambayo haikupewa uzito wake, ni ya ofisa wa Kizungu. Wakati wa vita maofisa wengi walijifunza Kiswahili kwa haraka, na katika miaka ya 1930 kulikuwa tayari na vitabu, kama kile cha F. H. Le Breton cha Kiswahili cha bara, vilivyowafundisha walowezi lugha iliyopunguzwa makusudi ili watumishi waelewe. Lugha ya kumwamrisha mpishi ilivalishwa sare, ikawa lugha ya kumwamrisha askari.

Jambo la msingi hapa si nani alikosea kwanza, bali kosa la nani lilifanywa kuwa kanuni. Katika kambi kipimo cha usemi sahihi ni kule kueleweka na mkubwa. Askari aliyesema watu wawili hakupata faida, na aliyesema watu mbili hakupata hasara. Tena amri kwa tabia yake haihitaji sarufi nyingi. Mwenye kuamrisha hutaja tendo na kitu: leta maji, chimba shimo, funga hema. Hasemi maji ya nani, shimo kwa sababu gani, hema la kulala wangapi. Umaskini wa KiKAR, basi, si umaskini wa akili za waliokisema. Ni umaskini wa uhusiano uliokizaa. Watu wawili wasiopaswa kujadiliana hawahitaji lugha ya majadiliano.

Walakini kambi haiendeshwi kwa amri peke yake. Amri yaweza kuwapanga watu mia mbele ya sufuria. Haiwezi kuwafanya wapakue kwa haki. Yaweza kumwita mtu lindoni. Haiwezi kumpata wa kushika zamu yake akiwa na homa, kama wenziwe hawakupatana. Nani ataamka kwanza kuwasha moto katika mvua, nani atamwandikia barua asiyejua kuandika, fedha za aliyelazwa hospitali zitawekwa kwa nani: haya yote hufanyika hemani, baada ya ofisa kwenda zake. Kwa hiyo kulikuwa na Kiswahili cha namna mbili katika kambi moja. Kimoja ni cha amri, nacho ndicho kilichosikiwa na maofisa na kuandikwa katika kumbukumbu zao. Cha pili ni cha mapatano, nacho kilisemwa na Msukuma kwa Mhehe, na Mnyamwezi kwa Mngoni, watu ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kukutania, na ambao wote walikuwa na ngeli vichwani mwao. Wanaisimu wamekihukumu cha pili kwa ushahidi wa kile cha kwanza.

Dawa ya malaria yaonyesha tofauti hii vizuri. Katika Burma homa na magonjwa mengine yaliwaangusha watu wengi kuliko risasi, na jeshi liliamuru kila askari ameze kidonge cha mepakrini kila siku. Jenerali William Slim, aliyeliongoza Jeshi la 14, aeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1956 jinsi alivyofanya ukaguzi wa ghafula kwa kupima damu za askari, na jinsi alivyowaondoa makamanda watatu ambao watu wao walionekana hawamezi. Kidonge hicho hugeuza ngozi kuwa ya manjano, na katika majeshi ya Washirika ulienea uvumi kwamba huondoa nguvu za kiume. Amri ilitosha kumfanya mtu asimame mstarini na kukiweka kidonge kinywani. Kukimeza ni jambo jingine. Mtu huyo alihitaji kuelezwa na mwenzake anayemwamini, kwa sentensi zenye kwa sababu na zenye ijapokuwa, na sentensi za namna hiyo hazimo katika Kiswahili cha amri. Kwamba askari wale walimeza, wakapona, wakalivuka bonde la Kabaw katika masika, chakula chao kikidondoshwa kwa ndege, ni dalili kuwa lugha ya kutosha kwa maelezo hayo ilikuwako, hata kama haikuandikwa.

Msamiati wa kambi wathibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Neno kambi na neno posho hayakuzaliwa katika KAR. Yalitumika katika misafara ya karne ya 19, na wapagazi wakubwa wa misafara hiyo walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Katika msafara posho ilikuwa kipimo cha nguo au shanga alichopewa mpagazi ili ajinunulie chakula njiani, na wapagazi walikula kwa makundi madogo, kila kundi na chungu chake. Katika jeshi posho ikawa chakula chenyewe, hasa unga wa mahindi. Leo nchini Uganda posho ni ugali, na Tanzania ni fedha apewazo mtu kwa safari ya kazi au kwa kuhudhuria mkutano. Nguo, unga, fedha: maana imebadilika mara tatu, lakini kiini hakikubadilika, yaani haki ya mtu aliye mbali na shamba lake kulishwa na yule aliyemwita. Kijana wa Kisesa alipofika Ceylon na kulisikia neno posho, hakufundishwa neno geni la jeshi. Alilikuta neno ambalo watu wa nchi yake walikuwa wamelibeba mabegani kabla ya serikali ya kikoloni kuwako.

Neno foleni lina historia iliyo kinyume. Wanaisimu hulieleza kuwa latokana na amri ya Kiingereza ya kuwataka askari wajipange mstari. Lilianza kama amri, likaishia kuwa jina la utaratibu ambao watu wanauweka wenyewe: aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Leo Mtanzania husema foleni dukani na hospitalini, na hata magari yakisongamana barabarani huitwa foleni. Neno lililokuwa la mkubwa limechukuliwa na wadogo na kutiwa maana ya haki. Haya si mambo yafanywayo na watu wasio na lugha.

Ikiwa maofisa walikuwa na Kiswahili cha amri, na askari Kiswahili cha mapatano, jeshi lilikuwa pia na Kiswahili cha tatu, kile cha gazeti. Kwa askari waliokuwa Ceylon lilitolewa gazeti la Kiswahili liitwalo Heshima, na Nairobi lilitoka gazeti la Askari. Katrin Bromber, katika utafiti wake juu ya magazeti hayo uliochapishwa mwaka 2009, ameeleza kwamba yalikuwa sehemu ya kazi ya propaganda, na kwamba neno heshima lilitumiwa kuwaonya askari juu ya mwenendo wao, hasa juu ya wanawake wa nchi waliyofikia. Kazi yake ni ya thamani kubwa, maana imeyachukua magazeti haya kuwa maandiko yafaayo kusomwa kwa makini, mahali pa kuyaacha yaoze makabatini.

Hata hivyo lipo swali la lugha ambalo laweza kusukumwa mbele zaidi. Gazeti lilikuwa limekubali upatanisho wa ngeli, jambo ambalo amri ya kambini ilikuwa imelitupa. Kwa kipimo cha Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, gazeti ndilo lililokuwa mfano mwema. Lakini usanifu wa sarufi haukulifanya liwe lugha ya mapatano. Nasaha, hata iwe na ngeli zote, hutoka juu kwenda chini kama amri. Tofauti ni kwamba amri huusimamisha mwili, na nasaha hutaka moyo nao usimame. Katika desturi za Waswahili, na za Wasukuma vilevile, heshima ina pande mbili: mdogo humpa mkubwa, na mkubwa humrudishia. Ndiyo maana yasemwa kwamba heshima si utumwa. Jeshi lililowagawia watu chakula, mshahara na malazi kwa rangi ya ngozi zao lilichukua upande mmoja wa neno hilo na kuuacha wa pili. Mhakiki atakayeusifu usanifu wa gazeti bila kulitaja jambo hilo atakuwa amesoma viambishi, hajasoma maana.

Barua za askari zilizochapishwa katika magazeti hayo zahitaji uangalifu wa namna ile ile. Zilipita mkononi mwa mhariri, na barua za kawaida za nyumbani zilipita kwa wakaguzi. Wengi hawakuandika kwa mikono yao wenyewe bali waliwaambia wenzao waliosoma. Hayo hayazifanyi kuwa za uongo. Yazifanya kuwa kazi za watu kadhaa, nazo zapaswa kusomwa hivyo: hapa askari, hapa mwandishi wake, hapa mhariri. Mtu asomaye kwa namna hiyo ataweza kuona, katika sehemu ambazo mhariri hakuwa na sababu ya kuzigusa, kama vile salamu kwa jamaa, maulizo juu ya mvua na ng'ombe, na habari za fedha zilizopelekwa nyumbani, kile Kiswahili cha hemani ambacho hakikuingia katika kumbukumbu za maofisa.

Yabaki fasihi. Kazi kubwa ya Kiswahili juu ya vita hiyo ni Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, wenye beti zipatazo 3,000, uliochapishwa kuwa kitabu mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Ukubwa wa kazi hiyo hauna mshindani. Mshairi aliyekuwa mtumishi wa serikali Tanganyika, asiyekwenda vitani, aliichukua vita ya dunia nzima na kuiweka katika bahari ya utenzi. Aliitazama kama mapambano ya haki na udhalimu baina ya mataifa, na kwa jicho hilo aliona mbali sana. Lakini jicho lionalo mbali namna hiyo haliwezi kuona shimo la choo wala ndoo ya maji, na haifai kumlaumu kwa kutoona kitu ambacho utenzi wa namna yake haukukusudia kukionyesha. Utenzi wa vita tangu zamani ni wa majemadari, majeshi na sala.

Lawama, kama ipo, ni ya wale waliodhani kwamba kwa utenzi huo kazi imekwisha. Fasihi ya Kiswahili imepata vita. Haijapata kambi kwa kiasi kinachostahili. Kumbukumbu zinazosomwa zaidi za waliokuwa ng'ambo, kama zile za Waruhiu Itote za mwaka 1967 na za Bildad Kaggia za mwaka 1975, ziliandikwa kwa Kiingereza, nazo ni za Wakenya ambao baadaye waliingia katika siasa. Kwa haki kabisa huitazama kambi kama shule ya kupigania uhuru. Kitabu cha Parsons cha mwaka 1999 juu ya askari wa kawaida wa KAR kimekusanya habari nyingi za chakula, malazi, mishahara na nidhamu, kwa kutumia kumbukumbu za serikali na mahojiano, nacho pia ni cha Kiingereza. Matokeo yake ni jambo la ajabu: maisha yaliyoendeshwa kwa Kiswahili hujifunzwa kwa Kiingereza, na maneno ya askari humfikia msomaji yakiwa yamekwisha kutafsiriwa mara moja au mbili.

Jambo hili si la zamani tu. Mwaka 2013 askari wa Tanzania walipelekwa mashariki ya Kongo katika kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa, na Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, katika Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa na askari wengi wakauawa. Huko pia mapigano ndiyo yaliyotangazwa, na kambi haikusemwa mpaka iliposhambuliwa. Lakini hali ya lugha ilikuwa imegeuka. Ceylon Kiswahili kilikomea kwenye uzio wa kambi, nje yake kilikuwa lugha ya wageni. Kivu Kiswahili kilikuwako pande zote mbili za uzio, cha namna moja ndani na cha namna nyingine nje, na maji, kuni na mboga viliweza kuulizwa bila mkalimani. Kulinganisha kambi hizi mbili ni kazi ifaayo mtafiti kijana, ikifanywa kabla maneno hayajasahauliwa kama yalivyosahauliwa ya kwanza.

Kuhusu hayo ya kwanza, wakati umekwisha kupita kwa sehemu kubwa. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 alizaliwa mwaka 1924. Waliobaki ni watoto na wajukuu, na kwao hubaki maneno zaidi ya hadithi: jina la utani la ofisa, neno la kuwaamsha watoto alfajiri, namna ya kukunja blanketi, wimbo wa kutembelea. Hapo Kisesa ina faida isiyopatikana kila mahali. Katika kilima cha Bujora ipo Makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na Padre David Clement, ambayo imehifadhi vitu vya watemi, vya wahunzi na vya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Wasukuma ni watu ambao kwao mtunzi wa nyimbo, ningi, huyataja matukio ya wakati wake mbele ya watu wote, na kazi za mikono hufanywa kwa nyimbo. Mahali ambapo ngoma na nyimbo zimekwisha kutunzwa kwa bidii hiyo, pafaa pia patunzwe maneno ya kambini.

Kazi zinazodaiwa ni tatu, na hakuna iliyo nje ya uwezo wa taasisi za Kiswahili. Ya kwanza ni kukusanya msamiati wa askari katika Usukuma na kwingineko Tanzania, kila neno na mahali liliposikiwa na nasaba ya aliyelisikia, ili kamusi isitosheke na alama ya kusema kwamba neno ni la jeshi, bali ieleze lilifanya kazi gani. Ya pili ni kuyachapa upya magazeti ya Heshima na Askari pamoja na maelezo ya lugha, ili mwanafunzi asome mwenyewe barua zile na kutenganisha sauti zilizomo. Ya tatu ni kuisahihisha sura ya KiKAR katika vitabu vya historia ya Kiswahili: ielezwe kuwa ni lugha ya uhusiano wa amri, iliyowekewa kipimo na wenye kuamrisha, wala isitajwe tena kuwa ndicho Kiswahili chote walichokuwa nacho watu wa bara. Mpaka kazi hizo zifanywe, hukumu ya kwamba askari wa Kisesa alikivunja Kiswahili yapaswa kusimamishwa, kwa kuwa mshitakiwa hajasikilizwa.